Alama 80 Zinatosha

Ukimuuliza kijana wa Baraka, mji wa ziwani wilayani Fizi, mashariki ya Congo, gari analolitamani, atakutajia Land Cruiser, ile nyeupe yenye pua ndefu na antena ambayo mashirika ya misaada yameipitisha mbele ya macho yake tangu akiwa mtoto. Usimwamini sana. Ngoja afike umri wa kutoa fedha zake mwenyewe, baada ya misimu ya kuuza ndakala (dagaa) na mawese, au baada ya miaka ya kununua dhahabu ya Misisi gramu kwa gramu, kisha utazame anarudi na nini kutoka Bujumbura. Mara nyingi ni Toyota ndogo ya milango minne: Corolla, Carina, Corona Premio. Rangi ya fedha, au nyeupe iliyochoka. Ndani kuna viti vya kitambaa cha kijivu, na kwenye kioo cha nyuma bado kuna kibandiko cha Kijapani ambacho hakuna aliyewahi kukisoma wala kukibandua.

Lori lina hadithi zake, na pikipiki ina zake. Gari dogo la familia halina msimuliaji, labda kwa sababu kazi yake ni kufika bila kisa. Nadhani ndiyo sababu watu wa Fizi wanalipenda kuliko wanavyokiri.

Aliyelibuni gari la namna hii alianzia kwenye ndege za kivita. Tatsuo Hasegawa alikuwa mhandisi wa kampuni ya ndege ya Tachikawa wakati wa Vita Kuu ya Pili, na kazi aliyojulikana nayo ni Ki-94, ndege iliyokusudiwa kupanda juu sana ambako hewa ni nyepesi, ikawawinde walipuaji wa Kimarekani. Vita viliisha kabla haijapata kupigana. Japani iliyoshindwa ilikatazwa kuunda ndege, na mwaka 1946 Hasegawa akaingia Toyota. Miaka 20 baadaye, Novemba 1966, Corolla ya kwanza ilianza kuuzwa, yeye akiwa mhandisi wake mkuu.

Hasegawa alikuwa na kanuni aliyoieleza kwa lugha ya mtihani wa shule. Gari la watu wengi, alisema, lisipate chini ya alama 80 katika somo lolote. Ukilipa 100 kwa mwendo na 50 kwa starehe, limefeli, kwa kuwa mwenye familia hanunui mwendo peke yake; ananunua viti, breki, matumizi ya mafuta, nafasi ya mizigo na uwezo wa kuwaka asubuhi. Halafu akaongeza sharti la pili: 80 kila mahali huchosha, basi pawepo na kitu juu yake, jambo moja au mawili yanayozidi. Toyota ilikuwa imepanga injini ya cc 1,000. Iliposikia kwamba mshindani wake Nissan analeta Sunny ya ukubwa huo huo, ikaongeza cc 100 na kuzitangaza kwa kishindo. Majirani wa Tokyo wa wakati ule walijua tofauti ya cc 100 barazani kwa mtu.

Sasa tazama Fizi ilikuwa wapi miaka hiyo. Aprili 1965 Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma akatua Kibamba, kusini mwa Baraka, kuwasaidia waasi wa mashariki. Kabla mwaka haujaisha mamluki wa Mike Hoare walikuwa wameiteka Baraka wakitokea ziwani, na Novemba Che akaondoka usiku kwa njia aliyoingilia. Laurent-Désiré Kabila, mmoja wa viongozi wa waasi hao, alirudi milimani, akaanzisha chama chake cha PRP mwaka 1967, akashika eneo la Hewa Bora kwa miaka mingi. Wakati baba wa familia wa Nagoya anajifunza kuegesha Corolla mbele ya mlango wake, kwa mtu wa Fizi mngurumo wa injini ulikuwa na maana moja au mbili tu, na zote zilimtaka akimbilie shambani. Magari yalikuja na jambo. Vita vya 1996 na vya 1998 vilikuja na magari yao, na amani ya baada yake ikaja na magari ya bendera. Gari la mtu wa kawaida, linalokwenda sokoni na kurudi, limechelewa sana kufika huku.

Barabara ya Taifa namba 5 inatoka Lubumbashi, inapita Kalemie, inapanda hadi Fizi, inashuka Baraka, kisha inafuata ufuo wa ziwa kwenda Uvira na Bukavu. Kipande cha Uvira hadi Baraka ni kilomita 90 na ushei. Upande mmoja una milima ya Mitumba, upande mwingine una maji, na mahali pengine nafasi iliyobaki katikati inatosha barabara na safu moja ya nyumba. Unapita Makobola, jina ambalo wenyeji hawalitaji bila kukumbuka mauaji ya mwaka mpya wa 1999, kisha Swima, Mboko, Nundu na Lusenda, ambako kambi ya wakimbizi wa Burundi ilifunguliwa mwaka 2015. Mito inashuka kutoka milimani kwa haraka na kila mmoja una tabia yake. Kiangazi ni vumbi jekundu linaloingia hadi kwenye mkoba uliofungwa. Masika ni matope, na daraja la jana si ahadi ya kesho.

Mgeni anayeitazama njia hiyo husema papo hapo: hapa pana kazi ya gari kubwa. Corolla ya miaka ya 1990 imeinuka kutoka ardhini kwa sentimita 15 hivi. Hesabu yake ina mantiki, ila imefanywa na mtu anayekaa mbele. Panda nyuma ya Land Cruiser ndefu, ile iliyotengenezwa kubebea watu na mizigo, uone. Viti vya nyuma ni mabenchi mawili yanayotazamana ubavuni. Hakuna cha kushika zaidi ya goti la jirani. Springi za nyuma ni za majani, zimepangwa kubeba uzito, na gari likiwa tupu kila shimo linafika kwenye uti wa mgongo likiwa kamili. Corolla, Carina na Corona za wakati ule zina springi za koili kwenye magurudumu yote manne, kila gurudumu likipanda na kushuka kivyake. Abiria anakaa ameelekea mbele, miguu chini, mgongo umeegemea. Mama mjamzito anayepelekwa hospitali ya Nundu analijua hilo kuliko muuza magari yeyote, na mzee mwenye kiuno kibovu analijua pia. Nimewasikia wazee wa Kibembe, kabila la wenyeji wa Fizi, wakikataa kwa adabu lifti ya gari la shirika na kungoja taksi, na vijana wakadhani wanaogopa kuonekana na wazungu.

Siri nyingine iko kwa dereva. Mwenye gari refu la magurudumu manne yanayovuta huamini gari. Anaingia shimoni kwa sababu anajua atatoka. Mwenye gari dogo hana imani hiyo, kwa hiyo anaisoma njia. Anajua jiwe la Swima liko kulia ukienda na kushoto ukirudi. Anapunguza mwendo kabla ya shimo, anaingiza gurudumu moja kwa pembe, analiacha gari lijiteremshe lenyewe. Mafundi wa huku nao wamemsaidia: huweka vipande vya kunyanyulia springi, huchagua matairi yenye ubavu mnene kidogo, hufunga bati chini kukinga sampu. Gari lililobuniwa kwa lami ya Japani linakuwa na mguu mrefu kidogo na tumbo gumu, na sura yake inabaki ile ile ya upole.

Lina mwisho wake, na madereva wanaujua. Mto Mutambala ukijaa, gari dogo hungoja. Kijana hutumwa kuingia majini kwa miguu. Yakimpita magoti anarudi, na abiria hutandika khanga chini ya mti, wananunua muhogo wa kuchoma na kungoja maji yapungue. Pikipiki hupita kwa kubebwa mabegani, lori hupita kwa ubabe, na hata boti za ziwani hupata wateja siku hiyo. Kupanda kutoka Baraka hadi Fizi penyewe, kule milimani, ni mtihani mwingine: udongo mwekundu ukilowa, Carina iliyojaa watu huomba abiria washuke wasukume. Hakuna anayelalamika sana. Gari linalokubali kusukumwa na watu wanne lina faida yake. Jaribu kusukuma tani mbili na nusu.

Halafu kuna fundi. Huku gari halinunuliwi kwa fahari ya kiwanda, linanunuliwa kwa kuangalia nani atalifungua likifa Mboko jioni. Kenya wanazitaja Corolla kwa namba za chesisi kama wanavyotaja vidato vya shule, "tisini", "mia", "mia na kumi", na kila namba ina kundi lake la mashabiki na mafundi. Burundi na Tanzania Carina Ti ina heshima kama hiyo. Chini ya boneti za ndugu hawa mara nyingi utakuta injini za familia moja, 5A ya cc 1,500, 4A ya cc 1,600, au 7A ya cc 1,800, zenye bloku la chuma cha kuyeyusha na mpangilio ambao fundi aliyefundishwa chini ya mwembe anaweza kuueleza akiwa amefumba macho. Jambo moja la injini hizi nalipenda kuliko yote: mshipi wa taimingi ukikatika njiani, valvu na pistoni hazigongani. Injini inazima tu. Kwenye magari mengi mengine mshipi huo ukikatika ni msiba, kichwa cha injini kinaharibika na gari linakuwa banda la kuku. Hapa unavutwa kwa kamba hadi kijiji kinachofuata, unafunga mshipi mwingine, unaendelea. Mhandisi aliyeamua hivyo mezani pake huenda hakufikiria Fizi hata kidogo, lakini ameokoa akiba za watu wengi wa Fizi.

Mafuta nayo yana kauli yake. Vituo vya mafuta ni vichache na petroli nyingi huuzwa kando ya barabara, kwenye madumu na chupa, na wauzaji ambao mashariki ya Congo yote huwaita makadhafi. Petroli hiyo imesafiri kutoka Tanzania au Burundi, imemiminwa kutoka chombo hadi chombo, imekutana na vumbi, pengine na maji. Injini za zamani huinywa zikikohoa kidogo. Toyota ilipoleta zile za D-4, zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa, mafundi wa Afrika Mashariki yote walianza kutikisa vichwa, na mpaka leo mnunuzi mwangalifu wa Premio hufungua boneti kwanza kutafuta maandishi hayo ili akimbie. Ustaarabu wa injini una gharama pale ambapo mafuta si safi. Afadhali 1NZ ya cc 1,500, yenye cheni badala ya mshipi, iliyowekwa kwenye Corolla, Ist, Raum na Probox, maana yake ukikosa kipuri cha moja utakipata kwa jirani.

Na kuna jambo la kutoonekana, ambalo wauzaji wa magari duniani hawaliweki kwenye matangazo.

Watu wa pwani na bara walikuwa na neno Wabenzi tangu miaka ya mwanzo ya uhuru, la kuwataja wakubwa waliopanda Mercedes-Benz wakati wananchi wanatembea. Watanzania baadaye wakaleta mashangingi, wakimaanisha yale magari makubwa ya kifahari ya vigogo. Maneno yote mawili ni ya kebehi, na kebehi ndiyo silaha ya mtu asiye na silaha. Fizi hali ni nzito zaidi, kwa sababu wenye silaha ni wengi. Gari kubwa njiani hutafsiriwa kabla halijasimama. Hili ni la shirika, lina simu na fedha za mishahara; hili ni la mnunuzi wa dhahabu; hili ni la kamanda, au la adui wa kamanda. Kunyang'anywa magari ya mashirika ni habari ya kawaida katika ukanda huu, na Desemba 2020 Madaktari Wasio na Mipaka walitangaza kuondoka Fizi baada ya watu wao kushambuliwa, wakaacha pengo ambalo wagonjwa wa Baraka walilihisi haraka.

Corolla ya kijivu haitaji bei yake. Kwenye bariere, pale kamba au mti umelazwa njiani, dereva hushusha kioo.

"Jambo shefu."

"Mumebeba nini?"

"Tuko na bibi mugonjwa, shefu, na mihogo yake."

Kitu kidogo hutoka, kamba hushuka. Sisemi kwamba gari dogo halitozwi. Hutozwa, na likibeba abiria hutozwa kila mara. Wala haliko nje ya hatari, kwa maana majambazi wa njia ya Misisi na Lulimba wanajua vizuri kwamba mfanyabiashara wa dhahabu naye ana akili na anaweza kupanda taksi. Lakini swali linalokuja kwa gari dogo ni dogo. Mwenye duka mmoja wa Baraka ambaye angeweza kununua gari lolote aliwahi kunijibu, nilipomuuliza kwa nini anaendesha Carina iliyobanduka rangi mlangoni: "Mwanangu, hii gari inaniachia nilale."

Nafikiri kuna hesabu nyingine pia, hata kama hakuna anayeisema hivyo. Anayenunua gari la magurudumu manne yanayovuta amejiandaa kwa mabaya: barabara itakatika, nitapita porini, nitakimbia. Anayenunua gari lililotengenezwa kwa lami katika wilaya isiyo na lami ameweka dau upande mwingine. Anategemea kwamba greda litapita mwaka huu, kwamba daraja litashikilia, kwamba ataondoka asubuhi kwenda Uvira kuchukua bidhaa na atakula chakula cha jioni kwake. Dau hilo limeliwa mara nyingi. Februari 2025 Bukavu ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, watu walishuka kusini, wengine wakavuka kwenda Burundi, wengine wakapanda boti za mbao kwenda Kigoma, na anayevuka ziwa kwa boti ya mbao huliacha gari. Hulikabidhi kwa shemeji au kwa jirani mzee asiyekimbia, hufungua betri akaondoka nayo, kwa kuwa gari lisilo na betri halimvutii kila mpita njia. Wengine walirudi wakalikuta. Wengine walikuta bodi.

Usukani unastahili neno lake. Congo huendesha upande wa kulia wa barabara, na magari haya yametoka Japani ambako huendeshwa kushoto, yakashushwa Dar es Salaam, yakasafiri kwa barabara hadi Burundi, yakavuka mpaka wa Gatumba na Kavimvira kuingia Uvira. Usukani uko kulia. Maana yake dereva amekaa upande wa mtaro, na anayeona kinachokuja mbele ni abiria wa kiti cha kushoto. Kiti hicho kina majukumu. Ukikikalia unakuwa jicho la gari: dereva akitaka kulipita lori anakugusa kwa kiwiko, unachungulia, unasema "pita" au "bado". Nimeona wanawake wenye vitenge vya heshima, wasiowahi kushika usukani maishani mwao, wakifanya kazi hiyo kwa utulivu wa rubani. Katika taksi kiti hicho huwa na watu wawili, na aliye karibu na mlango ndiye jicho. Wa katikati hana kazi zaidi ya kukunja miguu kumpisha dereva abadilishe gia. Milango ya kushoto nayo hufungukia katikati ya barabara, kwa hiyo watoto wa huku hufundishwa kushuka kwa mlango wa kulia kabla hawajafundishwa kufunga kamba za viatu.

Gari la wastani limepimwa kwa familia ya wastani, na familia ya Fizi si ya wastani. Kiwanda kiliandika watu watano. Huku watano ni mwanzo wa mazungumzo: wanne nyuma, mtoto mapajani, mwingine amesimama kati ya viti. Buti la Carina hubeba gunia la unga wa fufu, dumu la mawese lililofungwa kwa nailoni mara tatu (mawese yakimwagika kwenye kapeti, gari hilo litajulikana kwa harufu hadi kaburini), kapu la samaki wa kukausha, kuku wawili na shuka za mgonjwa. Jumamosi gari hilo hilo huoshwa ziwani, likavishwa utepe, likabeba bibi harusi kutoka saluni ya nywele hadi kanisani, likitangulia msururu wa pikipiki zinazopiga honi. Hapo ndipo gari dogo linapolishinda kubwa bila ubishi. Bibi harusi hapandi Land Cruiser kwa uzuri. Gauni linanaswa, ngazi ni ndefu, mashangazi wanamsukuma kwa nyuma. Kwenye Premio anaingia akiwa amekaa tayari, na dirisha liko kwenye kimo cha macho ya wanaotazama.

Mapenzi haya yamevuka bahari pamoja na wenyewe. Vita vya 1996 viliwapeleka Wabembe wengi ng'ambo ya ziwa, na kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, Tanzania, ikawa nyumba yao kwa zaidi ya miaka 20. Wapo waliozaliwa humo wakazalia humo. Kutoka Nyarugusu maelfu walipelekwa Marekani, na jimbo la Kentucky likapata sehemu yake, katika miji ya Louisville na Lexington, ambako leo unaweza kusali Jumapili nzima kwa Kiswahili cha Fizi. Mwendo mfupi kaskazini mwa Lexington uko mji mdogo wa Georgetown, na katika Georgetown kiko kiwanda ambacho Toyota ilianza kuundia Camry mwaka 1988. Camry ni kaka mkubwa wa Corolla, gari la familia la ukubwa wa kati, na kwa Wamarekani ndilo jina la kutovutia macho: tangu 1997, ukiondoa mwaka 2001, hakuna gari la abiria la namna hii lililouzwa zaidi ya hilo nchini mwao. Mtu aliyekulia kando ya barabara namba 5 akifika huko, akipata kazi ya zamu katika ghala au kiwanda cha nyama, hahitaji kushauriwa anunue nini. Anatafuta Camry au Corolla iliyotembea sana na kutunzwa vizuri. Wafanyakazi wa mashirika ya kupokea wakimbizi hudhani amefundishwa na Wamarekani.

Tatizo ni kwamba chemchemi inakauka. Wajapani wenyewe wameanza kuyaacha magari haya. Mark X, mrithi wa Mark II ambayo Watanzania waliipenda hadi kuipa majina ya utani, ilifungiwa pazia Desemba 2019. Premio na ndugu yake Allion walifuata mwaka 2021. Camry iliacha kuuzwa Japani mwishoni mwa 2023, ingawa inaendelea kuundwa kwa ajili ya wengine. Marekani, Ford ilitangaza mwaka 2018 kwamba inaachana na karibu magari yake yote ya aina hii. Dunia tajiri imeamua kukaa juu: inataka gari lililoinuka, lenye sura ya safari za porini, kwa ajili ya kumpeleka mtoto shule kwenye lami isiyo na shimo hata moja. Sisi tulio na mashimo tuliridhika na gari la chini. Sijui nani amcheke mwenzake.

Kwa kuwa gari la Japani hufika kwetu likiwa na miaka 10, 15, hata 20, uamuzi wa 2021 utaifikia Baraka katika miaka ya 2030. Kufikia hapo watakaokwenda Bujumbura kununua wataoneshwa magari ya nusu umeme yenye betri chini ya kiti cha nyuma, na vijigari vilivyonyanyuliwa ambavyo ndani ni vidogo kuliko Corolla na bei ni kubwa kuliko yake. Mafundi wa Uvira watajifunza, kama walivyojifunza mengine. Betri kubwa ya Prius haitawashinda, ila ukungu wa ziwani na maji ya Mutambala huenda yakawa na maoni tofauti. Labda Probox itaziba pengo, ambayo ni Corolla iliyovua koti na kuvaa ovaroli, bora kwa magunia, mbaya kwa bibi harusi.

Kwa sasa kilichopo kinatunzwa. Carina moja hufa ili nyingine mbili ziishi: mlango unakwenda Nundu, gia boksi inakwenda Fizi, taa inauzwa peke yake sokoni juu ya turubai, katikati ya sufuria na ndala. Bei zimegoma kushuka. Gari la 1998, lenye umri mkubwa kuliko dereva wake, linauzwa leo kwa fedha iliyotosha kulinunua lilipoingia nchini, na mwenyewe akiulizwa anauza lini hutaja bei aliyokataa mwaka juzi, kisha huongeza dola 200.